Kabla ya kuuliza unataka nini maishani: mwongozo wa kufanya naikan, njia ya Kijapani ya kujichunguza, nyumbani

Ukitafuta mtandaoni neno la Kijapani ikigai, yaani kile kinachomfanya mtu aone maisha yake yana thamani, kitu cha kwanza kukutana nacho ni mchoro wa maduara manne yaliyoingiliana: unachokipenda, unachokiweza, dunia inachokihitaji, na kitakachokulipa. Pale katikati yanapokutana yote manne ndipo unapoambiwa kusudi la maisha yako limejificha. Mchoro huo umeingia kwenye fulana, kwenye vikombe na kwenye kila semina ya ujasiriamali. Wengi wanaoujaza huishia na duara moja tupu na mengine matatu yenye majibu ya kujifurahisha.

Mchoro wenyewe haukutoka Japani. Uliwahi kuchorwa na Mhispania Andrés Zuzunaga, mnajimu, naye katikati aliandika kusudi. Mwaka 2014 mwanablogu Marc Winn akaliondoa neno hilo la katikati, akaweka ikigai, na picha ikasambaa kana kwamba ni hekima ya wazee wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani.

Wajapani wanaolitumia neno hili kila siku hawana masharti hayo. Ikigai ya mtu inaweza kuwa kitalu cha mboga, mjukuu, kwaya, au paka anayemsubiri mlangoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watu wazima 43,391 wa eneo la Ohsaki, mkoani Miyagi, wenye umri wa miaka 40 hadi 79, waliulizwa swali moja tu: je, una ikigai maishani mwako? Walifuatiliwa kwa miaka saba. Waliosema hawana walikufa kwa wingi zaidi, hata baada ya watafiti kuzingatia umri, uvutaji wa sigara na maradhi. Hilo halitoshi kusema ikigai ndiyo iliyowaponya wengine, lakini linaonyesha kwamba watu walielewa walichoulizwa bila kuchorewa duara hata moja.

Aliyelichimba jambo hili kwa kina kuliko wengi ni Mieko Kamiya, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Nagashima Aiseien, makazi ya wagonjwa wa ukoma kwenye kisiwa kimoja cha mkoa wa Okayama. Waliokuwa pale walitenganishwa na jamii kwa sheria iliyokuja kufutwa mwaka 1996. Kamiya aliona watu wenye ugonjwa uleule, ndani ya uzio uleule, mmoja akisema maisha yake hayana maana na mwenzake akiwa na cha kumwamsha asubuhi. Kwa hesabu ya maduara manne, wote wawili wangepata sifuri, maana hakuna aliyekuwa na uhuru wa kuchagua kazi wala soko la kuuza kipaji chake.

Ndiyo maana siuanzi mwongozo huu na swali la "unapenda nini". Mtu ambaye hajawahi kukaa chini akahesabu amepewa nini, ametoa nini na amewasumbua akina nani hujibu swali hilo kwa kubahatisha. Hujibu kwa alichokiona jana kwenye simu. Japani kuna njia ya kufanya hesabu hiyo, nayo inaitwa naikan.

Naikan ni kitu gani

Muasisi wake ni Yoshimoto Ishin (1916–1988), mfanyabiashara wa Yamatokoriyama, mkoani Nara. Ujanani alipitia zoezi gumu la kidini la baadhi ya waumini wa madhehebu ya Kibuddha ya Jodo Shinshu: kujifungia bila kula, bila kunywa, bila kulala, ukiichambua nafsi yako kana kwamba kifo kipo mlangoni. Alijaribu akashindwa, akarudia tena, mpaka mwaka 1937 alipopata alichokitafuta. Baadaye aliondoa njaa, kiu na mafundisho ya dini, akabakiza uchunguzi wenyewe, ili hata asiye na dini aweze kuufanya. Miaka ya 1950 njia yake ilikuwa imeshaingia hadi magerezani.

Naikan kamili huchukua wiki moja. Unakaa kwenye kona ya chumba nyuma ya kiwambo cha kukunja, kuanzia alfajiri hadi usiku. Huongei na wenzako, husomi, hushiki simu. Chakula unaletewa palepale. Kila baada ya saa moja na nusu au mbili, mwongozaji anakuja, anainama kwa heshima, anafungua kiwambo na kuuliza umemchunguza nani na katika kipindi kipi. Unamjibu kwa dakika chache, anashukuru, anaondoka. Hakushauri wala hakuhukumu.

Unachochunguza ni maswali matatu kuhusu mtu mmoja:

Nilipokea nini kutoka kwake?
Nilimpa nini?
Nilimletea usumbufu na matatizo gani?

Swali la nne ambalo kila mtu angelitarajia, yaani yeye alinisumbua vipi mimi, halimo, na limeachwa makusudi. Hilo tunalijua kwa moyo na tunalisimulia bila kuombwa.

Wengi wetu hatuna nafasi ya kwenda kukaa wiki nzima nyuma ya kiwambo Nara. Kinachofuata ni namna ya kuifanya nyumbani kwa nusu saa kila jioni, kwa muda wa mwezi hivi.

Hatua ya kwanza: daftari, saa na kona

Nunua daftari la kawaida, lile la shule. Usitumie simu, kwa sababu kila utakapoishika kuandika, itakuletea mambo mengine. Chagua muda ambao nyumba imetulia. Kwa wenye watoto ni baada ya wao kulala, na kwa wengine ni alfajiri kabla ya foleni za daladala. Kaa mahali palepale kila siku, ikiwezekana ukiangalia ukuta.

Mwambie unayeishi naye kwamba kwa nusu saa hupatikani. Usimweleze zaidi, ukieleza sana utageuza zoezi kuwa mazungumzo.

Hatua ya pili: anza na leo

Jioni chache za mwanzo usiguse utoto wako. Jibu maswali matatu kuhusu siku ya leo tu, kwa watu wote uliokutana nao. Lengo ni kuzoesha macho.

Utashangaa jinsi swali la kwanza linavyojaa. Konda alikusubiri ulipokuwa unakimbia. Mama ntilie alikuongezea mchuzi bila kuombwa. Mtu usiyemjua alichimba mtaro uliopitisha maji usiku, ukafika kazini na viatu vikavu. Watu hukwama hapa na kusema, "Lakini konda analipwa kwa kazi yake." Naam, analipwa, na wewe ulifika. Andika. Naikan haikuulizi mtu alikuwa na nia gani wala kama alipata faida. Inauliza wewe ulipokea nini.

Swali la pili huwa fupi kuliko unavyopenda. Liache fupi.

Hatua ya tatu: chagua mtu, gawanya miaka

Japani huanza na mama. Nadhani shabaha hasa ni yule aliyekulisha ulipokuwa hujiwezi. Kama ulilelewa na bibi, anza na bibi. Kama ni shangazi, mama mdogo au kaka mkubwa, anza naye. Unaweza kumchunguza aliyefariki sawasawa na aliye hai.

Mgawanye katika vipindi. Kipindi cha kwanza ni kabla ya kuanza shule, cha pili ni darasa la kwanza hadi la tatu, kisha la nne hadi la saba, halafu sekondari, halafu kila miaka mitatu au minne hadi leo au hadi siku aliyoaga dunia. Jioni moja, kipindi kimoja. Usiruke. Watu wengi hukimbilia miaka yenye ugomvi kwa sababu ndiyo wanayoikumbuka, na hiyo ndiyo wanayopaswa kuifikia wakiwa wameshaandika ile ya utulivu.

Kabla hujaenda mbali, onyo. Kama mtu huyo alikupiga kikatili, alikunajisi au alikutesa, usimchunguze kwa maswali haya. Swali la tatu linaweza kugeuka na kukufanya ujione wewe ndiye mwenye kosa kwa uliyotendewa, na huo ni uongo. Chagua mtu mwingine: jirani aliyekuwa anakufungulia mlango, mwalimu, dada wa kazi aliyekubeba mgongoni. Na kama siku hizi hulali, huli, au unawaza kujidhuru, funga daftari umwone daktari kwanza. Uchunguzi wa nafsi hautibu sonona. Mtu aliye kwenye shimo hilo atajibu swali la tatu kwa kurasa ishirini na la kwanza kwa mstari mmoja, kisha ataamini kwamba huo ndio ukweli wake.

Hatua ya nne: kuandika matukio

Hapa ndipo zoezi lote lilipo, kwa hiyo tukae hapa.

Kanuni ni moja: andika jambo lililotendeka, ambalo mtu mwenye kamera angeweza kulipiga picha. "Bibi alinipenda sana" haipigiki picha. "Bibi alikuwa mkali lakini mwenye busara" nayo haipigiki, tena ni hotuba ya msibani. Ukiandika hivyo, futa, ujiulize: alifanya nini, siku gani, kwa mikono ipi?

Tuseme mwenye daftari ni binti wa miaka 29, karani wa duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, aliyelelewa na bibi kijijini. Anachunguza darasa la kwanza hadi la tatu. Ukurasa wake unaweza kuwa hivi:

Nilipokea: Alinishonea begi la shule kwa kitambaa cha mfuko wa unga. Nilipougua tetekuwanga aliniogesha kwa maji ya mwarobaini, na usiku alinishika mikono nisijikune. Kila wiki alinipeleka kusukwa kwa mama wa jirani na kulipa kwa mayai. Alitangulia kuamka ili uji uwe umepoa nikiamka.

Nilimpa: Nilimtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yalikuwa hafifu. Nilipojua kusoma, nilimsomea barua za mjomba. Nilichota maji, lakini si kila siku.

Nilimsumbua: Nilipoteza viatu vya shule, akauza kuku wawili kuninunulia vingine. Nilimwambia mbele ya wenzangu kwamba yeye si mama yangu na asinitume. Nilidokoa sukari nikasema ni paka.

Ona jinsi mayai na kuku walivyobeba kila kitu. Binti huyu angeweza kuishi miaka mingine thelathini akisema "bibi alinilea" bila kuwakumbuka kuku wale wawili. Akiwakumbuka, neno "alinilea" linapata bei, na anajua kuwa kuna mtu aliyepunguza mali yake ili yeye asiende shule peku.

Kuhusu muda, Yoshimoto alishauri asilimia 60 hivi iende kwenye swali la tatu, na asilimia 20 kwa kila moja ya mawili ya mwanzo. Kwa nusu saa ni dakika sita, sita na kumi na nane. Tumia saa ya mezani. Bila saa, dakika zote zitaishia kwenye swali la pili, kwa maana sote tunapenda kuandika tulivyotoa.

Ukifika kwenye miaka ya karibuni, meseji zako za M-Pesa zitakusaidia kumbukumbu. Zifungue mapema mchana, unakili tarehe na kiasi kwenye karatasi, kisha uweke simu mbali. Wanaotuma hela nyumbani kila mwezi huingia kwenye kipindi hiki wakijiamini: swali la pili limejaa. Ni kweli na ni haki yako kuliandika. Ila litazame na la tatu. Mara ngapi ulipiga simu kusema tu "nimetuma", ukakata? Alipoanza kusimulia habari za goti lake, ulimwambia uko kwenye kikao? Hela ni msaada wa kweli, lakini mzee anayepokea hela bila mazungumzo huweza kuwa na chumba kilichojaa mchele na siku tupu.

Nijibu hapa manung'uniko ninayoyatarajia kutoka kwa wale wanaosomesha wadogo zao wanne kwa mshahara mmoja. Mtasema: tumeshabebeshwa mzigo wa kutosha, sasa mnataka tuhesabu na madeni? Naikan haikutumi kulipa. Haina hatua inayosema mpelekee mtu kitu. Na ukiifanya kwa uaminifu, utakuta umepokea pia kutoka kwa hao unaowasomesha, jambo ambalo aliyechoka huwa halioni. Kwa upande mwingine, kama swali la pili linakuonyesha kwamba umetoa mpaka umebaki mifupa, hiyo nayo ni habari ya kweli ambayo daftari limekupa, na una haki ya kuifanyia kazi.

Hatua ya tano: hesabu ya malezi

Katika vituo vya naikan kuna zoezi la kukokotoa gharama ya kulelewa kwako. Linasikika kama jambo la kihasibu lisilo na utu. Lifanye hata hivyo, jioni moja tu.

Milo mitatu kwa siku ni milo 1,095 kwa mwaka. Tangu miaka mitatu hadi kumi na minane, hiyo ni miaka 15, yaani milo 16,425. Tuseme hukula mara tatu kila siku, basi fanya miwili, bado ni zaidi ya 10,000. Ukikadiria sahani moja kwa shilingi 2,000 za Tanzania, ile milo 16,425 inafika shilingi 32,850,000. Hujaweka sare, ada, michango ya madawati, mafuta ya taa ya kusomea, nauli za hospitali, wala nguo zilizofuliwa. Hujaweka saa za mtu aliyekaa macho usiku. Hizo ziandike kama saa, usizigeuze fedha.

Hesabu hii ukifanyiwa na mwingine ni masimango, na hakuna aliyewahi kusimangwa akatoka na moyo wa shukrani. Ukiifanya mwenyewe, mlango umefungwa, hakuna anayekudai, inakuwa jambo jingine kabisa. Ndiyo sababu sishauri kumsomea mtu hesabu hii, hasa mwanao.

Hatua ya sita: watu wengine, kisha uongo na wizi

Baada ya mlezi wa kwanza, endelea na wa pili, kisha ndugu, mwenza, rafiki aliyekuvumilia, bosi. Kila mmoja jioni mbili au tatu zinatosha. Hakikisha yumo angalau mtu mmoja usiyempenda. Naikan ya bosi mkorofi ina faida ya pekee: unagundua alikufundisha kupanga mafaili, au kwamba siku uliyofiwa alikuruhusu bila kuuliza maswali, na bado akabaki kuwa mkorofi. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Wajapani huongeza mada moja ya kuchunguza: uongo na wizi. Unapitia vipindi vyako vya maisha ukiandika ulichodanganya na ulichochukua kisicho chako, pamoja na muda wa mwajiri na sifa ya kazi ya mwenzako. Jioni mbili zatosha. Kurasa hizo zifiche au zichome, shauri lako.

Hatua ya saba: kusoma daftari ili kuona mwelekeo

Hatua hii haimo katika naikan ya Yoshimoto. Ni yangu, na naiweka kwa sababu ulikuja hapa kutafuta kusudi.

Pumzika siku kadhaa bila kuandika. Kisha chukua kalamu ya rangi nyingine, usome daftari lote mara tatu.

Mara ya kwanza, pigia mstari kila kitu kwenye "nilimpa" ulichokifanya bila kutumwa. Wala usijali kama ni kikubwa. Tafuta kinachojirudia kwa watu tofauti na umri tofauti. Yule karani wa Morogoro alimsomea bibi barua akiwa darasa la pili. Akiwa sekondari aliwasaidia majirani kujaza fomu. Kazini, fundi asiyejua kusoma maelezo ya rangi humfuata yeye, si wenzake, naye hueleza mara mbili bila kukereka. Miaka ishirini amekuwa akifanya kitu kilekile: kusimama kati ya maandishi na mtu ambaye maandishi yamemfungia mlango. Kwenye maduara manne asingekiandika, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hicho ni kipaji.

Mara ya pili, pigia mstari kwenye "nilipokea" vile ulivyopewa na watu ambao huwezi tena kuwarudishia. Wamekufa, wamehama, au hukujua majina yao. Chagua viwili vitatu vilivyokugusa zaidi. Jiulize ni nani leo, karibu na ulipo, anahitaji kitu hichohicho. Mtu aliyebebwa mgongoni kwenda hospitali usiku hukuta jibu lake tofauti na la mtu aliyepewa vitabu na mwalimu.

Mara ya tatu, soma "nilimsumbua" ukitafuta tabia moja inayorudi kwa kila mtu. Labda ni kuahidi na kutotokea, labda ni kunyamaza kwa wiki nzima. Haitakupa kusudi, lakini itakuambia kusudi lako litakwamia wapi. Mwenye tabia ya kuahidi na kutotokea asianzishe kikundi cha watu arobaini.

Sasa andika sentensi moja ya kawaida yenye kitenzi na watu ndani yake. "Nawasomea na kuwaelewesha maandishi watu wanaoyaogopa" inatosha. "Kuleta mabadiliko chanya katika jamii" ifute, haina mtu ndani yake na haina mahali.

Usipopata sentensi, usilazimishe. Rudi kwenye hatua ya sita na watu wawili zaidi. Mara nyingi aliyekosekana ni mtu uliyemkwepa makusudi.

Hatua ya nane: ifanye kabla hujaiamini

Daktari Morita Masatake (1874–1938), aliyebuni tiba ya akili inayobeba jina lake, aliwafundisha wagonjwa wasisubiri hisia zitulie ndipo watende. Woga uwepo, uvivu uwepo, na kazi iliyo mbele ifanywe. Tumia kanuni hiyo hapa. Usingoje kuipenda sentensi yako.

Tafuta umbo dogo kabisa la sentensi hiyo unaloweza kulifanya wiki hii, bila kuomba fedha, bila kutengeneza nembo, bila kufungua ukurasa wa mtandaoni. Karani wetu anaweza kwenda Jumamosi asubuhi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa ruhusa ya mwenyekiti, akae na kalamu kwa saa mbili awajazie wazee fomu. Fanya hivyo mwezi mzima. Kila jioni ya siku hiyo, rudi kwenye maswali matatu: leo nilipokea nini kutoka kwa wazee hawa, niliwapa nini, niliwasumbua vipi? Ukikuta kwamba ulikuwa unawakatisha maneno ili foleni iende, umepata la kurekebisha Jumamosi ijayo.

Baada ya mwezi utajua. Dalili ninayoiamini ni ile ya Jumamosi ya mvua, ukiwa na kisingizio halali cha kubaki kitandani. Msisimko wa wiki ya kwanza haunipi uhakika wowote.

Maswali yanayobaki

Je, niende kumwomba radhi kila niliyemwandika kwenye swali la tatu? Hapana, si kila mmoja. Subiri wiki mbili baada ya kumaliza daftari. Radhi inayoombwa usiku uleule, machozi yakiwa bado ya moto, mara nyingi humtwisha mwenzako kazi ya kukubembeleza. Baada ya wiki mbili chagua wachache, uwe mfupi, taja tendo lenyewe: "Shangazi, ile hela ya ada niliyosema imeibiwa, niliitumia mimi." Usimpe historia ya Yoshimoto.

Je, niendelee kuandika baada ya mwezi? Yoshimoto aliiona ile wiki ya kujifungia kuwa maandalizi tu, na naikan yenyewe ikawa ile ya kila siku. Dakika kumi za siku ya leo kabla ya kulala zinatosha. Uchunguzi mrefu wa mtu mmoja urudie mara moja kwa mwaka, na jaribu kuanza upya na yuleyule wa kwanza. Utakuta mambo mapya kwenye kipindi kilekile, hasa ukiwa umeshapata mtoto wako mwenyewe.

Je, niache kazi? Swali hili huja kwa kila anayetafuta kusudi, na maduara manne yamelichochea sana kwa kulazimisha mshahara uwe ndani ya duara. Kazi inayolipa kodi ya nyumba inaweza kubaki kuwa kazi tu. Karani wa duka la vifaa vya ujenzi ana kipato, ana Jumapili ya kupumzika, na ana mafundi wanaomfuata kila siku wakiwa na karatasi wasizozielewa. Kabla hajaandika barua ya kuacha kazi, ahesabu kwanza ni mara ngapi kwa wiki anafanya jambo lake akiwa nyuma ya kaunta hiyohiyo.